Askofu Mkuu Silvanus Wani, Kasisi wa Askari kutoka Koboko

Kila ifikapo tarehe 16 Februari tunasikia habari za Askofu Mkuu Janani Luwum, na tangu mwaka 2015 siku hiyo ni sikukuu ya taifa zima la Uganda. Ni haki yake. Lakini ni wachache wanaouliza ni nani aliyekalia kile kiti baada ya damu ile kumwagika. Aliyekikalia ni mtu wa hapa petu, Mkakwa wa Koboko, aliyezaliwa kati ya watu wa jembe na ng'ombe, akawa mwalimu wa shule, akawa kasisi wa askari katika Vita Vikuu vya Pili, akawa askofu. Jina lake ni Silvanus Goi Wani. Wengi wa vijana wetu hawalijui jina hilo, ingawa wanapita Mvara kila wanapokwenda Arua kwa matibabu au sokoni.

Alizaliwa mwaka 1916. Ili tuelewe alizaliwa katika nchi gani, tukumbuke jinsi mipaka yetu ilivyochorwa. Mpaka mwaka 1910 sehemu hizi zote zilikuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, zikiitwa Lado. Baada ya kifo chake zikapewa Sudan ya Waingereza, kisha mwaka 1914 West Nile ikakatwa na kutiwa ndani ya Uganda, na boma likajengwa Arua. Wakakwa hawakuulizwa. Walijikuta wako katika serikali tatu: hawa wa Koboko Uganda, hawa wa Yei Sudan, hawa wa Ingbokolo Kongo. Ukoo mmoja, lugha moja, kodi tatu. Basi mtoto Silvanus alipozaliwa, Uganda yenyewe kwa watu wa kwao ilikuwa na umri wa miaka miwili tu. Ndugu zetu tuliotoka Kongo na Sudan Kusini tunaoishi upande huu leo, tusidhani kwamba sisi ndio wa kwanza kuvuka mstari ule. Mstari ndio uliowavuka wazee wetu kwanza.

Injili ilifika Arua mwaka 1918, wakati wamisionari wa Africa Inland Mission walipojenga Mvara, katika nchi ya Ayivu. Hao ndio wale wale waliokwisha kuingia Aba upande wa Kongo, na ambao kazi yao huko ilizaa kanisa ambalo wengi wetu tulibatizwa ndani yake. Upande wa Uganda walipatana na Kanisa la Anglikana kwamba waumini wao watakuwa chini ya askofu wa Anglikana. Ndiyo maana leo mtu wa CECA kutoka Aru akija kuabudu Mvara anaona nyimbo na desturi nyingi anazozifahamu, ingawa jina la kanisa ni jingine. Ni mbegu ya ghala moja.

Silvanus alikuwa miongoni mwa watoto wa kwanza wa West Nile waliopata elimu ya kutosha kuwafikisha Kampala. Siku hizi basi linatoka Arua usiku na asubuhi liko mjini. Wakati ule njia ya kawaida ilikuwa kutembea hadi mto Nile, kupanda meli pale Rhino Camp, kupita Pakwach na Ziwa Albert hadi Butiaba, kisha kuendelea kwa gari. Vijana wengi wa West Nile walioishika njia hiyo walikuwa wanakwenda kukata miwa katika mashamba ya sukari ya kusini au kuandikwa jeshini, kwa sababu serikali ya Waingereza iliiona nchi yetu kama ghala la vibarua na askari. Silvanus alikwenda kusomea ualimu. Alirudi akafundisha Arua katika miaka ya 1930, kisha akaitwa katika utumishi akaenda chuo cha theolojia cha Buwalasi, karibu na Mbale. Mwaka 1943 alitiwa mikono, akiwa mmoja wa makasisi wa kwanza kabisa wenyeji wa West Nile. Tangu Injili ifike Mvara ilikuwa imepita miaka 25.

Na mara tu alipopata ukasisi, akaenda vitani.

Hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu mambo yaliyokuja baadaye katika maisha yake yalianzia hapa. Katika Vita Vikuu vya Pili watu zaidi ya 70,000 kutoka Uganda waliingia jeshini, na West Nile ilitoa vijana wengi sana. Jeshi lao lilikuwa King's African Rifles, ambalo wazee waliliita Keya. Keya walipigana na Waitaliano huko Ethiopia mwaka 1941, wakapelekwa Madagaska mwaka 1942, na mwaka 1944 divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikaingia Burma, katika bonde la Kabaw, wakati wa masika, matope yakifika magotini na malaria ikiua pamoja na risasi. Februari ya mwaka huo huo meli Khedive Ismail ilizamishwa katika Bahari ya Hindi na watu zaidi ya 1,200 wakafa kwa muda wa dakika chache, wengi wao wakiwa askari wa Afrika Mashariki.

Wani alikuwa kasisi wa Keya kutoka mwaka 1944 hadi 1946. Kasisi wa jeshi habebi bunduki. Anaongoza ibada, anawatembelea majeruhi, anawaandikia barua wasiojua kuandika, anawazika waliokufa, na anakaa na kijana aliyeona jambo ambalo hawezi kulisimulia nyumbani. Lugha ya Keya ilikuwa Kiswahili. Mkakwa, Mlugbara, Mwacholi, Mnyamwezi na Mkamba walikutana katika lugha hii tunayoiandika hapa, na mtu aliyetaka kumwombea askari anayekufa ilibidi aijue. Wako wanaosema kwamba Kiswahili katika Uganda ni lugha ya bunduki. Kwa wazee wengi wa West Nile kilikuwa pia lugha ya sala ya mwisho ya ndugu yao aliyezikwa ng'ambo.

Aliacha jeshi mwaka 1946. Mwaka huo huo kijana mwingine ambaye asili ya baba yake ilikuwa Koboko aliandikwa katika Keya, akaanza jikoni kama msaidizi wa mpishi. Huyo alikuwa Idi Amin. Mmoja anatoka, mwingine anaingia. Wakati ule hakuna aliyeliona kuwa ni jambo.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya uchungaji wa kawaida, na pengine ndiyo iliyokuwa mizuri kuliko yote, ingawa haina hadithi nyingi. Alikuwa kasisi wa Arua, kisha tangu mwanzo wa miaka ya 1950 akawa kasisi wa Koboko, kwao. Tujue maana yake. Parokia ilikuwa nchi nzima. Kasisi alikwenda kwa miguu au kwa baiskeli kutoka kanisa la nyasi hadi kanisa la nyasi, na mshahara wake ulikuwa kidogo sana hata ukiulinganisha na wa karani wa boma. Makasisi wa wakati ule walikula walicholima. Jumatatu hadi Jumamosi ungewakuta katika shamba la mihogo, mtama na ufuta kama jirani yeyote, na Jumapili wakavaa kanzu. Walioanzisha makanisa katika makambi yetu wanaijua hali hiyo bila kufundishwa. Katika kipindi hicho ndipo pia uamsho ulipoingia West Nile kwa nguvu, na ukaleta toba ya kweli pamoja na mafarakano, ndugu waliookoka wakihubiri njiani na sokoni, wengine wakijitenga na kanisa. Kati ya mambo hayo alipata nafasi ya kwenda kusoma Uingereza, chuo cha Oak Hill huko London, mwaka 1955 na 1956, akarudi Koboko.

Mwaka 1964 akawa askofu wa Dayosisi ya Kaskazini mwa Uganda, ambayo makao yake yalikuwa Gulu, akichukua mahali pa Mwingereza, Askofu Keith Russell. Kwa hiyo Mkakwa akawa baba wa kiroho wa Waacholi na Walango pamoja na watu wa West Nile. Katika mwaka huo huo alipewa pia kazi ya kuwa kasisi mkuu wa majeshi ya Uganda, kazi aliyoishika hadi mwaka 1978. Kumbukeni tarehe hizo mbili. Kati ya 1964 na 1978 ndimo yalimotokea karibu mambo yote mabaya ambayo jeshi hilo lilifanya kabla ya kuanguka kwa Amin.

Mwaka 1969 dayosisi iligawanywa. Wani akarudi nyumbani kuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi mpya ya Madi na West Nile, kiti chake kikiwa Mvara. Aliyechukua nafasi yake Gulu alikuwa Janani Luwum, Mwacholi wa Kitgum, mtu mdogo wake kwa miaka kadhaa, ambaye naye alisoma Buwalasi. Wani akamwachia kundi na kiti.

Januari 1971 Amin alimpindua Rais Obote. Katika miezi iliyofuata askari wa Kiacholi na Kilango waliuawa ndani ya kambi zao kwa mamia na mamia. Fikirini sasa moyo wa huyu mzee. Waliouawa walitoka katika makanisa aliyoyaongoza kwa miaka mitano. Wauaji wengi walitoka West Nile, wengine kijiji jirani na chake. Na jeshi lenyewe ndilo yeye alikuwa kasisi wake mkuu. Kuna watu waliosema, na wako wanaosema hadi leo, kwamba alipaswa kuivua kazi ile palepale. Sisi tuliotoka katika nchi za vita tunajua kwamba swali hilo ni gumu kuliko linavyoonekana kwa mtu aliye mbali. Kasisi akiondoka kambini, kambi inabaki na nani? Lakini pia tunajua kwamba askari akimwona mtu wa Mungu amekaa kimya karibu naye, anaweza kudhani amebarikiwa. Mwandishi wa ukurasa huu hana uwezo wa kumhukumu, na hatataka kumsafisha kwa kupaka chokaa.

Mwaka 1974 Luwum alichaguliwa kuwa Askofu Mkuu wa Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Wani akawa Dekani wa Jimbo, yaani wa pili wake. Mwacholi na Mkakwa, watu ambao ndugu zao walikuwa wanauana, wakalichunga kanisa moja bega kwa bega kwa miaka mitatu.

Mwanzoni mwa Februari 1977 askari waliingia usiku katika nyumba ya Luwum huko Namirembe wakitafuta silaha. Hawakupata kitu. Maaskofu wakamwandikia Amin barua ya wazi na kali, wakilalamikia upekuzi ule na mauaji ya raia. Tarehe 16 Februari maaskofu na viongozi wengine waliitwa Kampala mbele ya askari. Yakasomwa mashtaka ya njama. Wengine wakaruhusiwa kwenda, Luwum akabakizwa. Kesho yake redio ikatangaza kwamba yeye na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari. Hakuna aliyesadiki. Mwili ulipelekwa kwao Mucwini na kuzikwa chini ya ulinzi wa askari, na huko Namirembe watu walikusanyika kuomba kando ya kaburi lililochimbwa likabaki tupu.

Kisha maaskofu wakaanza kukimbia. Festo Kivengere wa Kigezi alivuka milima usiku kwa miguu pamoja na mkewe hadi Rwanda. Yona Okoth wa Bukedi alitoroka, pia Benoni Ogwal wa Kaskazini mwa Uganda na Melkizedek Otim wa Lango. Wakawa wakimbizi kama sisi, wenye vyeo vya askofu lakini hawana mahali pa kulaza kichwa.

Katika hali hiyo maaskofu waliobaki walimchagua Silvanus Wani kuwa Askofu Mkuu. Watu walisema mengi. Wengine walisema amechaguliwa kwa sababu ni Mkakwa, na Amin hatamgusa mtu wa kabila la baba yake. Wengine walisema ni mtu wa Amin. Huenda maaskofu wenyewe walifikiri lile la kwanza. Si dhambi kwa kanisa linalowindwa kutafuta mlango ambao mwindaji hataupiga teke. Lakini tusilipunguze jambo hili. Kiti kile kilikuwa na damu ambayo haijakauka. Kabila halikuwa ngao kamili, kwani utawala ule uliwameza hata watu wa West Nile wenyewe, maofisa wa Kilugbara wakiwa miongoni mwao. Alikuwa na miaka 60 hivi, umri ambao mtu huanza kufikiria kurudi shambani. Alikubali.

Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa sherehe ambayo Luwum aliiandaa lakini hakuiona. Tarehe 30 Juni 1977 ilikuwa miaka 100 tangu wamisionari wa kwanza wa CMS kufika kwa Kabaka Mutesa. Kanisa likasherehekea, bila askofu mkuu wake na likiwa na maaskofu wanne uhamishoni. Miezi michache baadaye, Septemba, Amin alipiga marufuku makanisa mengi: Wapentekoste, Wabaptisti, Waadventista, Jeshi la Wokovu na wengine, jumla madhehebu na vikundi 27. Walioruhusiwa ni Wakatoliki, Waanglikana, Waorthodoksi na Waislamu. Wengine waliabudu kwa siri majumbani. Wani alipaswa kulishika kanisa lililoruhusiwa, akijua kwamba ruhusa hiyo inaweza kuondolewa kwa tangazo moja la redio. Alilishika kwa utulivu. Hakuwa mtu wa hotuba kama Kivengere. Alikuwa mchungaji wa kimya, na kimya chake ndicho kinachowafanya wanahistoria wampite haraka.

Amin alianguka tarehe 11 Aprili 1979. Hapo mambo yaligeuka kabisa, na hii ndiyo sehemu ambayo familia za Koboko hazisahau. Jina la West Nile likawa kosa. Maelfu walivuka kuingia Sudan na Zaire hata kabla majeshi ya Tanzania hayajafika Arua. Oktoba 1980 askari wa zamani wa Amin walirudi wakashambulia Koboko na Arua, na jeshi jipya la serikali likalipiza kisasi kwa raia: miji ikachomwa, watu wakauawa majumbani na njiani. Tarehe 24 Juni 1981 waliokimbilia misheni ya Wakatoliki ya Ombaci, hapo Ayivu karibu na mji wa Arua, wakauawa humo humo walimotafuta usalama. Watu zaidi ya laki mbili wa West Nile wakawa wakimbizi, katika makambi ya Yei na katika vijiji vya Aru na Ingbokolo, wakilishwa na Wakongo na Wasudan ambao wajukuu wao leo wako hapa.

Wakati huo wote Askofu Mkuu wa Uganda alikuwa Mkakwa wa Koboko, akiishi Kampala, katika mji ambamo mtu wa kabila lake aliogopa kutaja jina la kijiji chake barabarani. Dayosisi aliyoianzisha ilikuwa imetawanyika katika nchi tatu. Naye alibaki katika kazi yake, akiwa sasa askofu mkuu wa watu walioonewa na ndugu zake, na wa ndugu zake waliokuwa wakionewa.

Tusisahau jambo moja linalowahusu ndugu zetu wa Kongo. Mwaka 1980, yeye akiwa Askofu Mkuu, makanisa ya Rwanda, Burundi na Boga-Zaire yalipewa Jimbo lao, na Askofu Bezaleri Ndahura wa Bukavu akawa Askofu Mkuu wao wa kwanza. Kanisa lililoanzishwa kule Boga na Apolo Kivebulaya, Mganda aliyevuka Semliki tangu mwaka 1896, likaacha kuwa mtoto wa Namirembe. Waanglikana wa Ituri waliomo katika makambi ya Uganda leo ni wa tawi hilo.

Wani alistaafu mwaka 1983. Aliyemfuata alikuwa Yona Okoth, mmoja wa wale waliokimbia mwaka 1977, mkimbizi aliyerudi akawa Askofu Mkuu.

West Nile ambayo mzee huyu aliiona katika uzee wake ilikuwa tofauti tena. Kutoka katikati ya miaka ya 1980 watu walianza kurudi, wengine kwa malori ya Umoja wa Mataifa, wengine kwa sababu vita vya Sudan viliwafukuza. Walikuta nyasi ndefu zimemea juu ya sakafu za nyumba zao, wakaanza tena kwa jembe. Hawajamaliza kuezeka, na hao Wasudan nao wakaja, familia kwa familia, kupitia Koboko. Rhino Camp ikawapokea mwaka 1992, Imvepi mwaka 1995. Waliokuwa wageni Yei miaka kumi nyuma sasa waliwapimia wageni kutoka Yei mashamba.

Silvanus Wani alifariki mwaka 1998. Mwaka huo huo, mwezi Julai, sanamu ya mawe ya Janani Luwum iliwekwa mbele ya kanisa la Westminster Abbey huko London, pamoja na mashahidi wengine tisa wa karne ya ishirini.

Wazee wa Koboko, Yumbe na Arua waliopata kipaimara kwa mikono ya Askofu Wani, na yeyote aliyehudumiwa naye jeshini au aliyesikia habari zake kwa wazazi, anaombwa afike kwa katibu wa kanisa baada ya ibada. Tutaandika atakayosimulia, kwa Kikakwa, Kilugbara au Kiswahili, na kuyatoa katika toleo linalofuata.